Jogoo wa Noeli

Wareno na Wahispania huiita Misa ya usiku wa Noeli "Misa ya Jogoo". Mapokeo yao husimulia kwamba jogoo ndiye aliyewika wa kwanza kutangaza kuzaliwa kwa Mwokozi. Tayari katika karne ya 4, Mtakatifu Ambrosi wa Milano alimsifu katika utenzi wa alfajiri, kwa kuwa sauti yake ilimrudisha Petro kwenye toba.

Huku kwetu Songea, ambako Wabenediktini walianzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, jogoo huyo huishia chunguni siku ya Noeli. Basi, aliyewika kwa ajili ya wote asiliwe na wachache. Kabla hatujaketi mezani, sahani moja imfikie jirani ambaye banda lake ni tupu.