Geirangerfjord: Mambo ya kujua kabla ya safari

Geirangerfjord, magharibi mwa Norway, ni mkono wa bahari wa kilomita 15 uliochongwa na barafu katikati ya milima. UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2005.

Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini viza yake ni ya Schengen. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Majira ya baridi theluji hufunga barabara za milimani. Feri ya Hellesylt hadi Geiranger huchukua kama saa moja.

Jirani yake, mlima Åkneset una ufa unaozidi kupanuka, na wataalamu huufuatilia usiku na mchana. Ukiporomoka baharini, wimbi litafika vijijini. Mwaka 1934, huko Tafjord, wimbi kama hilo liliua watu 40. King'ora kikilia, kimbilia juu, picha ziache.