Kanuni za mamlaka za serikali: nguvu yake inatoka wapi?

Kila tarehe 14 ya mwezi, wasikilizaji wetu nchini Kenya husubiri tangazo la EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, wajue mafuta yatauzwa bei gani kuanzia saa sita usiku. Tangazo hilo hutaja kifungu cha 101(y) cha Sheria ya Petroli ya 2019 na kanuni za bei za 2022. Wengi huiruka sehemu hiyo wakikimbilia bei. Lakini bila vifungu hivyo, mwenye kituo cha mafuta hangelazimika kuitii EPRA.

Katiba ya 2010, kifungu cha 94, inaliachia Bunge peke yake kazi ya kutunga sheria. Mwingine yeyote anayetoa amri yenye nguvu ya sheria lazima awe amepewa idhini na Katiba au na sheria iliyopitishwa. Wabunge hawawezi kukutana kila mwezi kupiga hesabu ya petroli, kwa hiyo hutunga sheria mama, kisha humwachia waziri au mamlaka kujaza yaliyobaki. Hata hivyo sheria hiyo sharti iseme waziwazi madaraka yanatolewa kwa shabaha gani na yanakomea wapi.

Sheria nyingine, ya 2013, inaweka utaratibu. Watakaoguswa na kanuni washauriwe kwanza. Ikishachapishwa, ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo inakufa. Hata ikipita, kwa kawaida uhai wake ni miaka 10.

Kanuni ikivuka mipaka, mahakama huiangusha. Madereva wanakumbuka Alcoblow. Kanuni za 2011 zilifanya kuwa kosa kuendesha gari ukiwa na zaidi ya mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Sheria ya Trafiki yenyewe, kifungu cha 44, haitaji kipimo. Humwadhibu dereva aliyelewa hadi akashindwa kulimudu gari. Februari 2017, Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni hizo zinapingana na sheria mama. Walevi hawakuachiwa barabara, maana kifungu cha 44 kilibaki palepale. Ila mwendesha mashtaka alihitaji kuthibitisha kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Namba iliyosomwa na kifaa haikutosha.