Njia za Miguu Katika Nchi ya Chai

Kilomita nane hivi kutoka mjini Kericho, ukishika barabara ya kwenda Nakuru kisha ukakunja na kuingia mashambani, kuna bustani ya miti iliyo kando ya bwawa. Panaitwa Chagaik. Aliyeianzisha ni mkulima wa chai, Tom Grumbley, na mwaka unaotajwa ni 1946, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa na mwaka mmoja tu tangu viishe. Miche aliyoitia ardhini sasa ni miti mikubwa yenye kivuli kizito, mbega huruka kutoka tawi hadi tawi, na yungiyungi zimetanda juu ya maji. Siku za mapumziko watu wa Kericho huja hapa na watoto wao, wakatandika leso chini na kula mchana wao.

Simlaumu anayekuja kupunga upepo tu. Ila mwaka 1946 una habari nyingine ndani yake. Siku zile mwanamume Mwafrika nchini Kenya hakuruhusiwa kutoka kwao bila kipande, ile karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kushika kasi baada ya Vita vya Kwanza, na haikufutwa hadi 1947. Kwa hiyo, bustani ya Chagaik ilipoanzishwa, Mkipsigis aliyekutwa akitembea katikati ya chai bila kipande aliweza kukamatwa, ingawa babu yake alichunga ng'ombe papo hapo. Matembezi katika nchi hii yamekuwa suala la ruhusa kwa zaidi ya miaka mia moja: nani alipita, nani aliulizwa anakwenda wapi, na nani alitembezwa kwa nguvu.

Kabla ya chai njia zilikuwepo. Wakipsigis walikuwa na njia za kupelekea mifugo kwenye malisho na kwenye udongo wenye chumvi, na njia za kuingilia Msitu wa Mau, ambako Waogiek walitundika mizinga yao na kushuka na asali ya kubadilishana. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, ikipitia Londiani na Lumbwa, kituo ambacho leo ni Kipkelion. Haikufika Kericho. Mizigo ya boma la serikali ilishushwa relini na kukokotwa na maksai juu ya matope. Mwaka 1905 jeshi la kikoloni lilipelekwa Sotik kuwaadhibu Wakipsigis. Watu waliuawa na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Wazee wa upande wa Bomet bado wana masimulizi ya safari ile.

Kisha ikaja ardhi yenyewe. Baada ya Vita vya Kwanza serikali ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliorudi vitani na majeraha. Mpango wao, uliojulikana kwa kifupi kama BEADOC, ulitegemea kitani, zao la nyuzi ambalo bei yake ilikuwa juu wakati wa vita. Bei ilianguka mara tu walipopanda, na ndani ya miaka michache mradi ukafa. Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi. Kampuni mbili za chai, Brooke Bond na James Finlay, ziliingia katikati ya miaka ya 1920, na mashamba makubwa yakaanza. Chai haikuwa ngeni Kenya, maana ilijaribiwa Limuru tangu 1903, lakini ni Kericho ilikokuja kuwa biashara ya maelfu ya ekari.

Mwaka 1924, wakati kampuni hizo zilipokuwa zinajiweka sawa, jambo lilitendeka upande wa pili wa dunia ambalo nalifikiria kila nipitapo hapa. Mji wa Phoenix, katikati ya jangwa la Arizona huko Marekani, ulinunua kutoka kwa serikali kuu ekari zipatazo 13,000 za milima mikavu nje ya mji, kwa dola 17,000. Milima ile haikufaa kilimo. Ilikuwa mawe, miiba na dungusi. Mji uliichukua ili wakazi wake wawe na mahali pa kutembea, na katika miaka ya 1930 vijana waliokosa ajira walilipwa kuchonga njia za miguu ambazo watu wanazipanda hadi leo. Nayo si hadithi safi, kwa sababu milima ile ilikuwa na wenyewe, Waodham, na hawakuulizwa. Hata hivyo mkazi wa Phoenix amekuwa na haki ya kupanda mlima wa mji wake kwa karibu karne nzima. Mkazi wa Kericho, mji uliozungukwa na vilima vyenye rutuba kuliko mahali pengi duniani, alibaki akivitazama vilima hivyo kutoka barabarani.

Ndani ya mashamba njia zilichorwa upya. Mtu anayeona chai ya Kericho kwa mara ya kwanza huona zulia moja la kijani, lakini ukisimama karibu utaona mistari. Kati ya mstari na mstari kuna upenyo wa mtu mmoja tu, na majani yenye umande humlowesha mchumaji hadi kiunoni kabla ya saa mbili asubuhi. Juu ya chai hulazwa ufito mrefu. Kinachochomoza juu ya ufito ndicho kinachochumwa, majani mawili na kichipukizi, na kutupwa kapuni mgongoni. Baada ya wiki moja au mbili mstari uleule hurudiwa. Mistari hiyo ndiyo njia za miguu zilizokanyagwa kuliko zote katika nchi hii, na waliozikanyaga, wengi wao wakiwa wametoka Nyanza, Kisii na magharibi mwa Kenya, hawakuja kutalii.

Kuna waliotembezwa kwa nguvu. Ukoo wa Talai ndio uliotoa maorkoiyot, viongozi wa kiroho ambao serikali ya kikoloni iliwaona kuwa chimbuko la upinzani. Mwaka 1914 ndugu watatu wakuu wa ukoo huo walipelekwa uhamishoni, akiwemo Kipchomber arap Koilegen, aliyefia huko huko Fort Hall, Murang'a ya leo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1934, ikatungwa sheria maalumu ya kuuondoa ukoo mzima. Watu karibu 700, wake kwa waume, wazee na watoto, walitolewa kwenye baridi ya nyanda za juu na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya malaria na mbung'o. Walikaa huko hadi ukoloni ulipokaribia mwisho. Waliporudi, ardhi yao ilikuwa na wenyewe wengine, na vizazi vyao vingi bado havina shamba. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Nimetafuta kibao kimoja kando ya barabara kinachomwambia mgeni kwamba watu hao walipitishwa hapa. Sijakiona.

Wageni wenyewe walianza kuja kwa wingi barabara zilipopata lami. Katika miaka ya 1950 Brooke Bond ilijenga Tea Hotel pembeni mwa mji, yenye bustani zinazoshuka hadi kwenye chai, na kwa miongo mingi matembezi ya Kericho yalikuwa hayo: chai ya saa kumi, kuzunguka shambani na mwongozaji, kiwandani kuona majani yakinyaushwa, kisha Chagaik. Waliojua waliondoka mapema, kabla ya mvua ya mawe. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda hadi kwenye miinuko ya Mau, ukakutana na hewa ya juu, na alasiri wingu hupasuka. Kericho imewahi kuandikisha siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, hesabu inayotajwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Katika miaka ya 1960 mashamba yalifikia hatua ya kurusha roketi za baruti mawinguni kujaribu kuinusuru chai.

Upande wa Bomet hadithi ni tofauti, na mimi huupenda zaidi kwa miguu. Mwafrika alizuiwa kulima chai kwa miaka mingi. Mlango ulifunguliwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai, kuwahudumia wakulima wadogo. Kutoka Litein kwenda Mogogosiek, Kapkoros na Silibwet, chai iko katika vipande vya ekari moja, nusu ekari, hata robo, na kati ya vipande hivyo kuna nyumba, ng'ombe wawili watatu, migomba na mti wa parachichi. Hakuna kizuizi wala bawabu. Njia hupita uani mwa mtu, unasalimia "Chamgei", unaitikiwa, na mara nyingi unaulizwa mbona una haraka. Njia zote hatimaye hufika kituo cha kununulia chai, kibanda kisicho na kuta kamili chenye mizani, ambako alasiri utakuta foleni ya magunia na wamama wakichambua majani yaliyokomaa kabla karani hajayaona.

Ukiendelea kupanda kutoka hapo, chai inafika mwisho na msitu unaanza. Hilo ndilo jambo ambalo picha za Kericho na Bomet hazionyeshi. Msitu wa Mau Kusini Magharibi, uliotangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, ndio unaoipa chai mvua na hewa yake. Mito ya Itare, Kiptiget na Kipsonoi hutoka humo na kuwa Sondu, unaoingia Ziwa Victoria. Nyangores, unaoporomoka Tenwek nje ya mji wa Bomet na kuzalishia hospitali ya hapo umeme, huungana na Amala kuwa Mto Mara. Nyumbu wanaowavutia watalii wa dunia nzima kule Maasai Mara hunywa maji yaliyotoka kwenye kijito ambacho mtoto wa Bomet hukiruka akienda shuleni.

Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi iliamua kupanda ukanda wa chai kuzunguka misitu ili uwe ukuta kati ya mashamba na miti, na ndiyo asili ya Nyayo Tea Zones. Ukuta huo ulisaidia mahali pengine, na pengine msitu uliliwa kutoka ndani. Mwaka 2001 serikali hiyohiyo ilimega zaidi ya hekta 60,000 za misitu ya Mau, sehemu yake ikiwa upande huu. Waliogawiwa hawakuwa maskini wasio na ardhi pekee. Jopo lililoundwa na Waziri Mkuu Raila Odinga mwaka 2008 lilieleza ukubwa wa uharibifu, na mwaka uliofuata watu walianza kuondolewa, familia nyingi zikiishia kwenye mahema kando ya barabara wakati wa mvua. Nao Waogiek walilazimika kwenda hadi Arusha. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema wazi kwamba kuwafukuza kutoka Mau kulivunja haki zao.

Leo kizazi kipya cha wapandaji milima kinakuja, vijana wa Nairobi, Nakuru na Kisumu wenye buti na mikoba ya mgongoni. Wengi huelekea Mlima Londiani, ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000, juu ya mji ambako Chuo cha Misitu cha Kenya kimekuwa kikifundisha tangu 1957. Sheria ya Misitu ya 2005 ilivipa vyama vya jamii nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali, na hapo ndipo naona tumaini la kweli. Kijana aliyezaliwa kando ya msitu akiwaongoza wageni hupata riziki kwa mti uliosimama. Anajua mahali tembo walipolala jana, anajua mti ambao gome lake lilitibu tumbo la bibi yake, na anajua familia ipi ilihamishwa kutoka bonde lipi.

Wenye mashamba makubwa nao wanabadilika. Brooke Bond ilimezwa na Unilever mwaka 1984, ikauzwa tena mwaka 2022. Mwaka 2023 mashamba ya Finlay yalinunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka uliofuata ilitangazwa pia kuwa mnunuzi wa yale yaliyokuwa ya Brooke Bond. Kila mauzo huzungumzia hisa, viwanda na mashine za kuchumia. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina haki ya kuongeza jambo moja mezani: njia za umma, zilizochorwa kwenye ramani na kuwekwa vibao, kutoka mjini kupitia Chagaik hadi ukingoni mwa msitu, na nyingine kutoka Tenwek kufuata Nyangores kuelekea chanzo chake. Kwenye vibao hivyo yaandikwe majina ya Grumbley na ya arap Koilegen pia, na mwaka 1934 utajwe pamoja na 1946. Wazee waliozaliwa Gwassi na kurudi wakiwa watoto bado wapo, na wanaweza kuonyesha kwa kidole mahali boma la baba zao liliposimama.