Suhuba ya Barabarani: Taarikhi ya Matembezi ya Klabu ya MG

Mtu apitaye Jumapili ya kiangazi katika vilima vya Chiltern, kaskazini-magharibi ya London, huenda akakutana na msafara wa magari madogo ya spoti, yamekunjwa turubai, yanafuatana katika njia nyembamba baina ya nyua za vichaka, kila dereva na mwenziwe ubavuni aliyepakata karatasi ya njia, na wote wanaelekea nyumba moja ya wageni ambako chakula cha mchana kimekwisha agizwa. Wengi huyahesabu matembezi hayo kuwa starehe tupu, ilhali ndani yake mna taarikhi ya sheria, ya bei, na ya watu waliotamani kujuana; na katika hayo matatu, naona la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu zaidi.

Kwa sheria ya mwaka 1865, chombo cha injini katika barabara za Uingereza hakikuruhusiwa kupita maili 4 kwa saa mashambani wala maili 2 mijini, na sharti mtu atangulie kwa miguu akichukua bendera nyekundu. Mwaka 1896 kikomo kilipandishwa hadi maili 14, na mwaka 1903 hadi maili 20, ambazo zilidumu mpaka Sheria ya Barabara ya 1930. Sheria hiyo iliondoa kikomo cha mwendo kwa magari ya watu binafsi, na papo hapo ikaharamisha mashindano ya mbio katika njia za umma. Mwenye gari la spoti akawa na ruhusa ya kwenda kasi pasipo ruhusa ya kushindana kwa kasi, na huenda katazo hilo ndilo lililozidi kuwaelekeza wapenda magari kwenye mambo mengine: kufika kwa wakati uliopangwa, kusoma njia bila kupotea, na kukwea kilima cha matope pasipo kusimama.

Bei nayo ilikuwa imekwisha shuka. Katika maonyesho ya magari ya Olympia, London, ya 1928, Cecil Kimber, mwanzilishi wa magari ya MG, alitoa MG Midget, iliyojengwa juu ya fremu ya Morris Minor, gari la kawaida la aila ndogo, ikavikwa bodi ya mbao nyembamba iliyofunikwa kitambaa, ikawa na injini ya sentimita za ujazo 847, na kuuzwa pauni 175. Kabla ya hapo gari la spoti lilikuwa hasa fakhari ya matajiri. Sasa karani aliyejinyima aliweza kulitamani bila kuchekwa.

Ndipo mwaka 1930 mwenye MG mmoja akaandika barua gazetini akiuliza kwa nini wenye magari hayo wasiwe na jumuiya yao. Miongoni mwa walioitikia alikuwamo John Thornley, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akijifunza uhasibu London, na tarehe 12 Oktoba wakakutana katika nyumba ya wageni ya Roebuck, karibu na Stevenage. Hivyo klabu ikaanza, na Thornley akawa katibu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akaajiriwa katika kiwanda cha MG, Abingdon, na mwaka 1952 akawa meneja wake mkuu. Jambo hili lastahili kuzingatiwa: klabu haikubuniwa na wauzaji ili wauze zaidi, bali na wanunuzi waliotafuta wenzi, na kiwanda kikaipokea baadaye kwa ridhaa.

Matembezi ya zama zile hayakuwa ya kustarehe vitini. Penye mwinuko mkali wa udongo mtelezi, dereva alipunguza upepo wa tairi za nyuma ili zishike ardhi, akaingiza gia ya kwanza, naye abiria akarukaruka kitini juu ya ekseli, uzito wake upate kuyakandamiza magurudumu. Gari likisimama kabla ya kilele, alama zilipotea. Jioni wote, waliofika na waliokwama, waliketi meza moja na matope yao. Msomaji wa Afrika Mashariki aijuaye Safari, mashindano ya magari yaliyoanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, atayatambua matope hayo, ijapokuwa Safari ilikuwa ya siku kadhaa na ya maelfu ya maili.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza furaha hiyo, kwani petroli iligawiwa kwa kipimo tangu 1939, na kipimo hakikuondolewa mpaka Mei 1950. Kimber mwenyewe alifariki Februari 1945 katika ajali ya treni, King's Cross. Lakini mwaka huohuo kiwanda kilitoa MG TC, na magari 10,000 ya aina hiyo yalijengwa hadi 1949. Baadhi yake yalivuka bahari mpaka Marekani, na huko pia wenyewe wakaanza kualikana kutembea pamoja.

Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa. Lau klabu ingekuwa tawi la biashara tu, ingefungwa nacho. Bali makao yake yamo Abingdon hadi leo, katika jengo liitwalo Kimber House, na matawi yake yangali yakipanga njia za Jumapili, yakitafuta vipuri vya magari ambayo mjenzi wake hayupo tena, na kuandika majina ya wanachama ambao hawakuwa wamezaliwa lango la kiwanda lilipofungwa.