Panda, Wala Si Tawi: Istilahi za Uongozi wa Programu Huria

Miongoni mwa dhana za kompyuta zinazowatatiza wafasiri ni tendo la kundi la watungaji kuuchukua msimbo wa programu huria, ukiwa mzima, na kuuendeleza mbali na wenzao. Wapo wanaoliita tawi. Neno hilo halifai, kwani tawi la msimbo hubaki mikononi mwa viongozi wale wale, na aghalabu hurudishwa shinani.

Historia ya Ufipa yaweza kutusaidia. Mapokeo yasimulia kwamba nchi ilikuwa chini ya mtawala wa Milanzi, karibu na ulipo mji wa Sumbawanga leo, hadi ukoo wa Watwa (wasichanganywe na wawindaji wa misituni wenye jina hilo) ulipokuja na kutwaa madaraka. Mtawala wa Milanzi hakuondolewa kabisa. Alibakiwa na heshima ya mwenye nchi na mambo ya matambiko. Baadaye Watwa wenyewe waligawanyika, zikawapo Nkansi na Lyangalile, kila moja na mwene wake. Hizo zilikuwa falme mbili kamili, wala si makao makuu na jimbo lake.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Msimbo wake asilia ulikuwa umefunguliwa na kampuni ya Sun mwaka 2000. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, wachangiaji wengi waliingiwa na hofu. Septemba mwaka huo wakauchukua msimbo na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao wenyewe. Leseni iliwapa msimbo. Jina la zamani halikuwa lao.

Basi kiongozi wa kazi ya namna hiyo tumwiteje? Yeye huamua kipi kiingizwe, lakini hana uwezo wa kumzuia mtu kuondoka na kazi yote. Kumwita mmiliki ni kupotosha wasomaji, hasa vijana watakaodhani waliomba ruhusa ya kutumia mali ya mtu. Mtunzaji yatosha.

Kwa tendo lenyewe napendekeza panda, kama katika njia panda na panda ya mti. Kikwazo ni kitenzi: "kupanda msimbo" kutadhaniwa ni kilimo. Afadhali tuseme "kufanya panda", ijapokuwa ni maneno mawili.