Falaji za Oman na Mnada wa Maji

Falaji ni mfereji unaoteremsha maji kwa mwinamo wa ardhi, bila pampu, hadi kijijini na mashambani. Falaji aina ya daudi huanzia kwenye kisima mama kilichochimbwa karibu na milima, kisha hupita chini ya ardhi. Njia hiyo huyakinga maji yasikaushwe na jua. Mfereji unapokutana na bonde la mafuriko, mafundi huushusha chini ya bonde na kuupandisha ng'ambo ya pili. Kuta hupakwa saruji ya asili iitwayo saruj, ili maji yasivuje.

Maji hugawiwa kwa muda. Kipimo kimoja, kiitwacho athar, ni takriban nusu saa. Mchana zamu zilifuatwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa uwanjani, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Maji ya kunywa hutangulia, kisha ya msikiti, ndipo mitende.

Hisa za maji hurithiwa, huuzwa, hukodishwa au huwekwa wakfu. Baadhi ni mali ya falaji yenyewe. Dalali huzinadi hadharani, na mapato hugharimia usafishaji na ukarabati chini ya wakili, yaani msimamizi wa falaji.

Kuanzia miaka ya 1970, pampu za visima zilishusha maji ya ardhini na kukausha baadhi ya mifereji. Hata hivyo, takriban falaji 3,000 bado zinatumika. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa, katika Urithi wa Dunia.