Mkimbiaji wa Kirotshe ambaye hatumjui



Msimu uliopita nilikuwa Masisi pamoja na vijana wanaolima viazi. Wakati wa kupumzika nikawauliza: ni mtu gani wa teritwari hii anajulikana duniani? Majina yakatoka haraka: makamanda. Makamanda tu. Roho iliniuma, juu jibu zuri lipo. Na mimi mwenyewe nilikuja kulijua nikiwa tayari na licence mkononi.

Anaitwa Makorobondo Salukombo. Ni mtoto wa Kirotshe, pale kando ya ziwa Kivu, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova. Vita viliikimbiza jamaa yake. Wakapitia Uganda, halafu wakafika Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Huko alikimbia shuleni, akaendelea kwenye chuo kikuu cha Denison. Tarehe 21 Agosti 2016, mjini Rio, alisimama kwenye mstari wa marathoni ya Olimpiki kwa jina la Kongo. Mstari ule ule alikuwepo Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyeshinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Na Salukombo hakuisahau Kirotshe: alirudi, akaanzisha Project Kirotshe ili vijana wa pale nao wafundishwe mbio.

Sasa, juu ya nini Kipchoge anajulikana mpaka Walikale, na Salukombo hajulikani hata Sake? Mtu atasema: Kipchoge ni mshindi. Ni kweli, lakini si yote. Kenya mtoto anashindana tangu shule, jeshi na polisi wanaajiri wakimbiaji, redio inataja majina yao. Mshindi anakuta watu wako tayari kumpokea.

Kwetu miguu haikosi. Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya, uko kwenye metre 2400 hivi. Milima ya Masisi nayo inapita metre 2000. Kule Walikale, vijana walibeba kasiterite kilo 50 mgongoni kutoka Bisie, wakivuka msitu kwa miguu. Nguvu hiyo ilihesabiwa kwa kilo tu, hakuna aliyeipima kwa saa. Kongo ilianza Olimpiki mwaka 1968, na mpaka leo haina medali hata moja.

Sisi wa kilimo tunajua: mbegu nzuri ukiichanganya ndani ya mfuko mmoja na zingine, bila kuandika jina, msimu ujao hutaipata tena. Ndivyo tunavyofanya na watu wetu.

Wewe unayefundisha sekondari, taja jina la Salukombo darasani. Jumamosi moja pima watoto mbio kwa simu yako, andika majina na dakika kwenye daftari, na daftari hilo ulitunze. Mtoto akiulizwa kesho nani anajulikana kwao, asikose jibu lingine zaidi ya kamanda.